Mapigo Matatu kwa Miguu Miwili

Nilistaafu mwezi wa saba, siku shule zilipofunga, na tangu hapo mikono yangu haijui ifanye nini ikifika saa nne asubuhi. Mwanzoni nilikuwa nakunja nguo. Sasa naandika, polepole, kama nilivyozoea. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya usaidizi wa mwalimu katika shule za mji huu wa Birmingham, Uingereza, hasa mliokuja kutoka kwetu na elimu ya darasa la saba kama mimi. Habari za vyeo hamtazipata humu. Nilianza nikiwa msaidizi na nimemaliza nikiwa msaidizi. Mshahara mtaambiwa na wenyewe. Nitaeleza habari za chumba cha muziki, na zaidi habari za wiki sita nilizofundisha jambo kwa makosa.

Nilianzia uwanjani. Nilikuwa msimamizi wa watoto wakati wa chakula cha mchana katika shule moja ya msingi huku Saltley. Kazi yangu ilikuwa kuzuia mpira usivuke ukuta, na ukivuka, kuzuia watoto wasiufuate. Nilikuwa mtu wa haya tangu ujana. Mwalimu akinisemesha, nilijibu huku nikitazama viatu vyake.

Siku moja ya mvua watoto waliingizwa katika chumba cha muziki, nami nikaingia nao. Juu ya meza palikuwa na tarumbeta ambayo vali yake ya pili, kile kitufe cha kubonyeza kwa kidole, ilikuwa imekwama. Niliichukua bila kufikiri, nikafungua kifuniko, nikaitoa vali, nikaifuta kwa pindo la shati, nikaitemea mate kidogo na kuirudisha. Ikapanda na kushuka vizuri. Nilipogeuka, mwalimu wa muziki alikuwa amesimama mlangoni.

"Mate?" akauliza.

"Kwetu mafuta yalikuwa yanakwisha," nikaviambia viatu vyake.

Huyo ndiye Bi Yvonne. Wazazi wake walitoka Jamaika, yeye alizaliwa Handsworth, na alikuwa na sauti ya kusimamisha lori. Siku hiyohiyo alimwendea mwalimu mkuu, akasema anamtaka yule bwana wa mate awe msaidizi wake.

Kulikuwa na fomu ya kujaza. Kiingereza changu cha kuandika kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo nilisaidiwa na Wambui, muuguzi kutoka Kenya aliyekaa Sutton Coldfield na tuliyesali naye kanisa moja. Tulikwenda vizuri mpaka tukafika kwenye swali: Je, unasoma nota za muziki?

Ukweli ni kwamba nilikulia katika matarumbeta ya kanisa, kule Lushoto, na hatukuwa na nota. Kila mtu alikuwa na daftari lenye namba za vidole: sufuri, moja, moja-mbili, mbili-tatu. Wimbo wenyewe tuliupata kwa masikio. Kiongozi akiupiga mara tatu, ukishindwa kuushika, unabeba ngoma.

"Weka tiki tu, ndugu yangu," akasema Wambui. "Nani atakuuliza?"

"Na wakiuliza?"

"Si utasema umesahau miwani nyumbani?"

Nikaweka tiki. Hakuna aliyeniuliza kwa miaka kumi na miwili.

Siku ya kwanza katika chumba kile Bi Yvonne alinikabidhi kabati. Ndani yake mlikuwa na ngoma kumi na moja, matoazi jozi mbili, fidla zisizo na nyuzi, na pakiti ya biskuti ya zamani sana. Nilijifunza kwamba ngozi ya ngoma haipendi kukaa karibu na hita, na kwamba fimbo za ngoma hupungua kila baada ya kipindi cha darasa la nne. Hesabuni fimbo kabla mlango haujafunguliwa. Baada ya hapo mnatafuta.

Njia yake ya kufundisha mapigo nawaachia kama alivyoniachia. Alianza na miguu. Hatua nzito inafungua kundi, hatua nyepesi zinafuata. Mapigo mawili: nzito, nyepesi. Mapigo matatu: nzito, nyepesi, nyepesi. Mtoto akishayajua kwa mguu, ndipo anaonyeshwa namba ubaoni. Kugonga meza kwa penseli alikataza. "Penseli haina uzito," alisema. Kile chombo chenye mkono unaoyumba na kugonga tik-tak alikifungia kabatini, kwa sababu watoto walikuwa wanakikodolea macho badala ya kusikiliza. Mimi naongeza moja tu: kagueni kamba za viatu kabla ya kipindi. Nimeona watoto wengi zaidi wakiangushwa na kamba kuliko na muziki.

Miaka mitatu kabla sijastaafu, okestra moja ilikuja kutafuta watoto. Walikuwa wanaandaa muziki uliotungwa Marekani, juu ya watu weusi walioandamana kudai haki zao. Sehemu ya katikati ni mwendo wa maandamano, wa polepole, na walitaka watoto thelathini wasimame nyuma ya ngoma na kutembea papo hapo, mguu kwa mguu na okestra, katika ukumbi mkubwa wa mjini. Darasa letu la sita likachaguliwa. Wengi wao walikuwa hawajawahi kukanyaga ukumbi ule.

Bi Yvonne aliwaeleza maana yake. "Katika mji wa Birmingham," alisema, "watoto wa shule walitoka madarasani mwao wakaingia barabarani. Wakapigwa kwa maji ya mabomba ya zimamoto. Wakaachiwa mbwa."

Kisha Imran, ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa, akanyoosha mkono. "Barabara gani, Miss? Alum Rock?"

"Birmingham ya Marekani, Imran. Alabama."

"Kumbe kuna nyingine? Nani alimwigilizia mwenzake jina?"

"Wao walituiga jina," akasema Bi Yvonne. "Sisi tutawaiga mwendo."

"Waliogopa?" akauliza Hodan. Huyu alikuwa binti wa Kisomali aliyeletwa kutoka Nairobi akiwa na miaka saba, na ndiye pekee darasani aliyezungumza nami Kiswahili, hasa akitaka wenzake wasisikie.

"Waliogopa sana. Wakatembea."

Halafu akawaonyesha ugumu wa ule muziki. Mtunzi ameuweka katika mapigo matatu, na binadamu ana miguu miwili. Kwa hiyo hatua nzito ikianzia kushoto, ijayo itaangukia kulia, na ya baada yake kushoto tena. Hakuna mguu unaobeba uzito peke yake mpaka mwisho wa safari. Nilimwona akiionyesha kati ya madawati, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, akitembea taratibu, nzito-nyepesi-nyepesi, uzito ukihama huku na huku. Siku hiyo ndipo nilipoona anachechemea.

Wiki iliyofuata nyonga yake ilikataa kabisa. Akapelekwa hospitali huko Edgbaston kubadilishiwa, na akaambiwa asionekane shuleni kwa wiki sita. Mwalimu wa muda aliyeletwa alikuwa mtu mwema ambaye muziki haukuwa kazi yake. Alikaa nyuma ya darasa akisahihisha hesabu. Bi Yvonne alinikabidhi rekodi na karatasi za nota zenye alama zake za penseli.

"Kila kitu kimo humo, Elia," aliniambia. "Fuata karatasi."

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na nafasi nzima, kuanzia mlango wa darasa mpaka kwenye teksi, nikimbebea mkoba. Sikusema.

Niliziweka karatasi kwenye kisimamio na kuzigeuza kila nilipoona zimekaa muda mrefu. Kazi niliifanya kwa masikio. Rekodi inaanza na fidla zikivuta sauti moja ndefu, kisha ngoma inagonga mara moja. Nikasema, hiyo ndiyo moja. Kwetu, tukiwa tunasindikiza harusi, ngoma kubwa ikilia mara ya kwanza miguu yote inakuwa imeshatua. Hakuna ngoma inayolia kabla ya moja. Wala haikunijia akilini kwamba mtu anaweza kuandika muziki kwa namna nyingine.

Wiki ya kwanza watoto walianguka. Nikawatoa uwanjani wakatembea kuzunguka mstari wa mpira wa kikapu, nzito-nyepesi-nyepesi, wakigongana mabega. Imran alikuwa anarudia mguu wa kushoto kila mara. Nikamfunga kitambaa chekundu kwenye goti la kulia kumkumbusha kwamba nalo lipo. Wiki ya tatu wakaacha kutazama miguu. Wiki ya tano walitembea kwa kishindo kimoja mpaka mpishi akatoka jikoni kuangalia.

Kulikuwa na jambo dogo lililonisumbua. Matoazi ya okestra, makubwa, yalikuwa yanaanguka kila mara kwenye hatua yetu ya pili, ile nyepesi. Hodan aliniuliza mbona.

"Okestra inatujibu," nikamwambia.

Nilipenda jibu hilo. Nilipenda pia kusimama mbele ya watu. Sauti ilikuwa inanitoka. Nilikuwa naingia chumba cha walimu nikitazama nyuso.

Jumatatu ya wiki ya onyesho alikuja Harriet, mpiga ngoma wa okestra, mwanamke mfupi mwenye begi kubwa kuliko yeye. Mazoezi katika ukumbi yalikuwa Alhamisi, onyesho Jumamosi mchana. Wazazi walikuwa wameshapewa tiketi. Mama yake Hodan alikuwa amebadilishana zamu katika nyumba ya wazee anakofanya kazi. Niliwasha rekodi, watoto wakatembea. Harriet alisikiliza, akakunja uso, akaomba turudie, kisha akanyoosha mkono kusimamisha.

"Wanatembea vizuri sana," alisema. "Nimeona watu wazima wasioweza hivyo. Lakini wote wako nyuma ya mahali pake kwa pigo moja. Au mbele. Vyovyote, hawapo kwenye moja."

Nikazima rekodi.

"Kiongozi wa okestra ni mtu mkali," akaendelea kwa sauti ya chini. "Kama Alhamisi watakuwa hivi, atawaambia wakae kwenye viti wasikilize. Tuone karatasi." Akaja kwenye kisimamio, akaweka kidole. "Angalia. Hii ya kwanza iko kabla ya mstari. Unaiona?"

Niliona matone meusi na mistari. "Naiona," nikasema.

"Sasa ilikuwaje?"

Ninyi mnaonisoma, jambo hili ndilo ningependa kuliacha, na ndilo lililonikalisha kuandika. Nilisema: "Bi Yvonne ndiye aliyeweka alama hivyo. Penseli ni yake."

Harriet akainama kutafuta kosa katika penseli ya Bi Yvonne. Hakuliona. "Ajabu," akasema, akatoa simu. "Hebu nimpigie. Yuko nyumbani anajiuguza, lakini atapokea, namjua."

Hodan alikuwa mstari wa mbele. Akanong'ona kwa Kiswahili, "Mzee, hukuona kitu kwenye hiyo karatasi."

Harriet alikuwa ameshaanza kubonyeza namba. Nilimwona akilini Bi Yvonne kitandani kwake, magongo yakiwa pembeni, akiambiwa kwamba amewaharibia watoto thelathini.

"Usipige," nikasema. "Si penseli yake. Ni mimi. Mimi sijui kusoma nota."

"Hujui kiasi gani?"

"Sijui hata moja. Nimewafundisha kwa masikio."

Mwalimu wa muda aliacha kusahihisha. Kisha Imran akauliza, kwa dhati kabisa, "Sasa zile kurasa ulikuwa unazigeuza za nini?"

"Kwa heshima," nikamjibu, kwa sababu ndilo jibu lililokuwepo.

Wakacheka. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilingoja aibu inimeze, kama nilivyoingoja kwa miaka kumi na miwili, na sikuiona. Nilichohisi ni kama nilipokuwa kijana, tukifika kanisani baada ya mwendo mrefu, nikitua ngoma kubwa na mgongo ukinyooka wenyewe.

Harriet akavuta kiti cha mtoto akakaa. "Vizuri," alisema. "Sasa najua tunarekebisha nini. Lile pigo la kwanza la ngoma si moja. Ni tatu ya kundi ambalo mwanzo wake haukupigwa. Ni kama mtu anaponyanyua mguu. Moja ni pale unapotua."

Kunyanyua mguu nilikuwa nakujua. Kiongozi wetu wa matarumbeta hakuwa na kawaida ya kupiga kelele ya kuanza. Alinyanyua goti, wote tukaliona goti, na lilipotua tulitua naye. Nikawaambia watoto: ngoma ikilia, goti la kushoto juu. Msikanyage. Mguu unatua kwenye pigo linalofuata. Mengine yote yabaki kama mnavyoyajua.

Mara ya kwanza nusu ya darasa walikanyaga na nusu walinyanyua, wakawa kama watu wanaovuka matope. Hodan akashika kiuno.

"Kwa hiyo wiki sita zote tulikuwa tunakanyaga wakati wa kunyanyua?"

"Ndiyo."

"Mzee, wewe ni noma."

Kisha akawageukia wenzake na kuwaamuru kwa Kiingereza watazame goti lake. Mara ya pili wakawa robo tatu. Mara ya nne goti likapanda, mguu ukatua, na matoazi yakaanguka juu ya hatua nzito, sawasawa, mpaka madirisha yakatikisika. Watoto wakapiga ukelele. Kumbe okestra ilikuwa inatungoja pale siku zote.

Jumanne na Jumatano tulifanya mwanzo tu. Goti, mguu. Goti, mguu. Alhamisi kiongozi wa okestra, mzee mrefu wa soksi za rangi ya chungwa, aliwasikiliza mara moja, hakusema neno, akaendelea na sehemu inayofuata. Nikadhani tumekataliwa. "La," Harriet akaninong'oneza, "akinyamaza ndiyo amesifu."

Jumamosi nilikaa pembeni ya jukwaa nikiwa nimeshika inhela mbili za watoto wenye pumu na chupa za maji. Magoti thelathini yalipanda. Miguu ishirini na tisa ilitua mahali pake. Imran, Mungu ambariki, alikanyaga mapema, mahali petu pa zamani, na kishindo chake kikasikika peke yake ukumbi mzima. Nilikisikia mimi, alikisikia Harriet, na alikisikia mama yake Imran, ambaye mpaka leo anaamini kiliandikwa hivyo. Kisha mtoto akaushika mwendo. Wakatembea wote mpaka mwisho, uzito ukihama kushoto na kulia, na watu wazima waliokuwa mbele yangu walikuwa wanafuta macho.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza habari za fomu. Alitafuta faili, akaiangalia ile tiki kwa muda, akaikata kwa kalamu, akaweka saini pembeni, akaniuliza kama nimekunywa chai. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi. Nilirudi nayo.

Bi Yvonne hakuwa mwepesi hivyo. Alirudi kwa magongo, akanikalisha, nikamweleza yote.

"Hilo la kutojua kusoma nimeshalisamehe," akasema. "Ungesema, ningekufundisha majira ya baridi mawili tu. Lakini penseli yangu, Elia? Uliisingizia penseli yangu?"

"Nilisema hivyo."

"Hilo bado."

Alilisamehe mwezi wa tano, nadhani, kwa sababu ndipo alipoacha kulitaja. Kabla ya hapo alikuwa ameshaanza kunifundisha, kila Jumanne wakati wa chakula, kwa kitabu cha darasa la tatu chenye picha za vyura. Nilijifunza nota nikiwa na miaka sitini na mbili. Sisomi haraka. Lakini nikiugeuza ukurasa, ni kwa sababu umekwisha.

Watanisahihisha wenye elimu, ila nadhani kazi yetu ina jambo moja gumu: watoto wanamtazama mtu mzima kama wanavyolitazama goti la kiongozi, wanatua anapotua. Ukikosea mwanzo, wanakosea na wewe kwa uaminifu mkubwa. Kukosea kutakuwepo. Semeni mapema.

Wiki yangu ya mwisho nilimwonyesha kabati mwanamke aliyekuja kuchukua nafasi yangu, Mama Furaha, mtu wa Bukavu. Alikuwa mpole na mwenye wasiwasi, na kila kitu alikishika kwa mikono miwili. "Papa Elia, munionyeshe polepole," aliniambia. Nikamwonyesha ngoma, fimbo, hita. Kisha kengele ikalia, darasa la nne likaingia, na Bi Yvonne akampa karatasi ya nota ili amsaidie.

Mama Furaha aliitazama. Akaigeuza upande wa pili, akairudisha.

"Mimi sijui kusoma hii," akasema kwa Kiingereza chake, mbele ya darasa zima.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele akasogea upande na kupapasa nafasi iliyobaki kwenye benchi. "Hata mimi," alisema. "Kaa hapa. Tunaanza na mguu."

Mama Furaha akakaa. Nikafunga mlango taratibu, nikaenda kuosha vikombe.